Diski mbili, makufuli mawili: laptopu iliyoungua na kompyuta ya marehemu mzee

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, naishi Majengo. Mwezi uliopita umeme ulikatika, na uliporudi laptopu yangu ikazima moja kwa moja. Fundi mmoja wa mjini kasema bodi imeungua, akachomoa SSD (diski yake) ya GB 256 na kuitia kwenye kava la USB. Tukiichomeka kwenye kompyuta nyingine inakuja alama ya kufuli na kudai tarakimu 48 za BitLocker. Mimi sijawahi kuweka kufuli lolote. Pili, ninayo kompyuta ya mezani ya marehemu baba, ya Windows XP, iliyokaa stoo miaka mingi. Fundi alitoa diski yake akaichungulia. Folda iitwayo KIHAMBA, yenye ramani za shamba na mihutasari ya vikao vya ukoo, inaonekana, lakini majina ya faili zote ni ya kijani na hakuna inayofunguka. Fundi anashauri afute nywila ya baba, kisha aweke Windows mpya kwenye mashine zote mbili. Nimruhusu?

JIBU: Pole sana, mwalimu. Usimruhusu, na diski zote mbili zichukue leo zirudi nyumbani. Kwenye SSD, Windows mpya itafuta kila kitu. Kwenye diski ya mzee, kufuta nywila kutavuruga kitu pekee kinachoweza kuzifungua zile faili za kijani. Huenda fundi wako hana nia mbaya. Lipo kufuli moja ambalo dawa yake inakaribiana na hiyo aliyoitaja, ila si hilo lako.

Watu husema "faili zimefungwa" kwa mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. La kwanza ni ruhusa tu. Windows huandika kwamba folda hii ni ya fulani, na diski ikihamia kwenye kompyuta nyingine, wewe si fulani, unakataliwa. Ni kama askari wa getini asiyekufahamu, wakati nyumba yenyewe haina hata kitasa. Hapo ukibadilisha mmiliki wa folda, au ukiisoma diski kwa Linux (mfumo mwingine badala ya Windows), kila kitu kinatoka. Kesi nyingi zinazoletwa madukani ni za namna hiyo, ndiyo maana mafundi wameizoea dawa moja na kuitoa kwa kila mgonjwa.

La pili ni EFS, usimbaji (kuficha yaliyomo kwa ufunguo) wa faili mojamoja uliokuja na Windows 2000 na kuendelea kwenye XP Professional. Dalili yake ndiyo hiyo rangi ya kijani. Rangi ya bluu isikutishe, hizo ni faili zilizobanwa tu kupunguza nafasi. La tatu ni BitLocker, na hili husimba sehemu nzima ya diski. Ndiyo sababu kwenye SSD yako huoni hata jina la folda moja, lakini kwenye diski ya mzee majina unayasoma vizuri na kilichofichwa ni yaliyomo.

EFS na BitLocker havivunjwi. Ufunguo hutafutwa, na unajulikana hukaa wapi. Kazi yote iliyobaki ni kuufikia bila kupaharibu mahali ulipo.

Kwanza nakala

Kabla ya kugusa kufuli lolote, nakili kila diski nzima, sekta kwa sekta. Kufuli halizuii jambo hili. Programu ya ddrescue haijali maana ya kilichoandikwa, inabeba kila kitu kama kilivyo, na nakala itafunguka kwa ufunguo ule ule. Mtu akikosea baadaye, unarudi kwenye nakala.

Tafuta laptopu nzima yenye betri inayokaa, diski ya nje ya GB 500 isiyo na kitu, na flashi ya GB 8 yenye Ubuntu (aina ya Linux) ya kuwashia. Diski hiyo ya nje iwe imefomatiwa kwa mpangilio wa NTFS au exFAT. FAT32 haikubali faili moja kupita GB 4, na nakala yako itakuwa faili moja ya GB 256. Ipe jina NAKALA ili usiichanganye na nyingine.

Kava nalo lina aina zake. SSD nyembamba mfano wa kipande cha ubani wa kutafuna, yenye pengo moja kwenye meno ya dhahabu, mara nyingi ni NVMe. Yenye mapengo mawili mara nyingi ni ya SATA. Kava la moja halisomi nyingine, labda liwe limeandikwa kuwa linakubali zote mbili. Lako tayari linasoma, kwa hiyo hapo hakuna shida. Diski ya mzee ndiyo ya kuangalia. Ikiwa ni ya IDE (aina ya zamani), ina pini 40 katika safu mbili pamoja na plagi ya umeme ya pini nne nene. Diski za mezani za inchi 3.5 zinahitaji volti 12, na USB hutoa 5 tu, kwa hiyo lazima adapta iwe na chaja yake ya ukutani. Jampa (kile kiunganishi kidogo cha kwenye pini) iweke kwenye "Master" kufuatana na mchoro ulio kwenye lebo ya diski. Ile plagi ya pini nne ina pembe mbili zilizokatwa ili iingie upande mmoja tu. Ikigoma usiisukume kwa nguvu, kwa sababu ikiingia kinyume, volti 12 zitapita penye njia ya volti 5 na bodi ya diski itakufa hapo hapo.

Washa laptopu kwa flashi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kuweka, unganisha intaneti, fungua terminali na uandike:

sudo apt update
sudo apt install gddrescue smartmontools
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL

Ukiambiwa gddrescue haipatikani, andika kwanza sudo add-apt-repository universe, kisha rudia. Amri ya tatu inakuonyesha kila diski na ukubwa wake. Tuseme SSD imeonekana kama sdb. Kama Ubuntu imeifungua yenyewe, ifunge kwa sudo umount, kisha ingia kwenye diski ya nje na uanze:

cd /media/ubuntu/NAKALA
sudo ddrescue -d -n /dev/sdb ssd.img ssd.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb ssd.img ssd.map

Mzunguko wa kwanza unachukua kilicho rahisi na kuruka palipo pagumu. Wa pili unarudi penye ugumu mara tatu. Faili ya ssd.map ndiyo kumbukumbu ya kazi: umeme ukikatika katikati, rudia amri ile ile na itaendelea ilipoishia. Ndiyo maana inakaa kwenye diski ya nje. Kwenye Ubuntu ya flashi, chochote ulichoacha "Home" kinapotea mashine ikizima. Kwa USB 3, GB 256 huchukua dakika 45 hadi saa moja na kitu. Kwa tundu la USB 2, saa mbili na zaidi. Ya mzee, ikiwa ni ya GB 80, haizidi saa moja kama ni nzima. Katika amri hizo, diski ya kusomwa daima itangulie jina la nakala. Ukigeuza, utaandika juu yake.

Angalizo kwa laptopu ya kuazima: Ubuntu huwaka hata Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inawaka) ikiwa imewashwa, lakini flashi nyingine za uokoaji hudai uizime. Ukiizima kwenye laptopu ya jirani yenye BitLocker, nayo itaanza kudai tarakimu 48 za mwenyewe, na utakuwa na kesi mbili badala ya moja.

Diski ya mzee isikilize kabla hujaanza. Ikizunguka kwa mvumo mmoja na kuonekana kwenye lsblk, angalia afya yake:

sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb

Tazama mistari ya namba 5, 197 na 198. Ikiwa safu ya mwisho inasoma sifuri kwa yote matatu, vizuri. Ikiwa 197 ina makumi au mamia, kuna sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma, kwa hiyo nakili sasa hivi na usiiwashe tena kwa kazi nyingine yoyote. Ikilia tak, tak, tak kisha kunyamaza, zima. Kichwa cha kusomea hakipati njia yake, na kila dakika unayoiacha ikilia kinaweza kukwangua sahani. Usiifungue kifuniko, usiigandishe kwenye friji, usiigonge. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na mji wetu wa vumbi hauna ujanja wa kuifanya mezani.

Ikiwa haizunguki kabisa wala haitetemeki mkononi, usikate tamaa mapema. Kwenye bodi ya diski nyingi, karibu na plagi ya umeme, kuna daiodi mbili za kinga, moja ya volti 5 na nyingine ya volti 12. Umeme ukija kwa kishindo hujitoa mhanga kwa kushoti, na diski haipati umeme. Fundi mwenye mita atazipima: ikionyesha karibu sifuri omu pande zote mbili, imeshoti, na ikiondolewa diski huweza kuzunguka. Toka hapo haina kinga tena, kwa hiyo inanakiliwa mara moja kwa chaja nzuri na kazi yake imeisha. Akikuambia atabadilisha bodi nzima kwa ya diski nyingine ya aina ile ile, muulize kama atahamisha na chipu ya ROM. Ndani yake mna vipimo vya diski hiyo peke yake, na kwenye diski nyingi, bila hiyo chipu, bodi mpya haifai kitu.

SSD na tarakimu 48

Unasema hujawahi kuweka kufuli, na nakuamini. Tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013, laptopu zenye sifa fulani husimba diski zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na kwenye toleo la 24H2 la Windows 11 mashine nyingi zaidi ziliingizwa humo. Ufunguo wa kila siku unalindwa na chipu ya TPM iliyo kwenye bodi au ndani ya prosesa, ndiyo maana hukuulizwa kitu miaka yote. Bodi imekufa, chipu haijibu, na SSD inadai ule ufunguo wa akiba.

Lipo jambo la kukutia moyo hapa. Laptopu ya namna hiyo ikiwa haijawahi kuingiwa na akaunti yoyote ya mtandaoni, diski husimbwa lakini ufunguo huachwa wazi pembeni, na ukiichomeka kwingine inafunguka bila swali. Windows hulifunga kufuli baada tu ya kuhifadhi tarakimu 48 mahali fulani. Na aliyewasha BitLocker kwa mkono, hulazimishwa kwanza kuzihifadhi au kuzichapa. Kwa hiyo kule kudaiwa tarakimu kwenyewe ni dalili kubwa kwamba zipo. Swali ni kwa nani.

Chukua kompyuta yoyote ya Windows 10 au 11, fungua Command Prompt kama msimamizi, chomeka SSD na uandike, kama imepewa herufi E:

manage-bde -protectors -get E:

Ikitokea dirisha la kukutaka uifomati diski, bofya Cancel. Katika majibu tafuta palipoandikwa "Numerical Password", na chini yake kuna ID ndefu ndani ya mabano. Andika herufi na tarakimu nane za mwanzo. Hiyo si siri, ni jina la ufunguo tu, na ndiyo utakayotembea nayo.

Kisha ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa kila barua pepe uliyowahi kutumia. Utakuta jina la kompyuta, ID, tarehe na tarakimu 48. Tafuta mstari ambao ID yake inaanza na zile nane, na kwenye safu ya diski pameandikwa OSV (sehemu ya diski yenye Windows). Ikiwa shule au mradi fulani ulikupa akaunti ya kazi na uliiingiza kwenye laptopu hiyo, angalia na myaccount.microsoft.com, sehemu ya vifaa. Kama namba ya simu ya kuthibitishia imepotea, irudishe laini kwanza dukani kwa mtandao wako, kwa namba ya NIDA na alama za vidole, halafu ndiyo uingie. Ukikimbilia kubadilisha taarifa zote za usalama za akaunti, Microsoft hukuwekea siku 30 za kusubiri.

Pasipopatikana kitu kwenye akaunti zako, rudi ulikonunua. Hapa kwetu, iwe Moshi au Arusha mjini, ni kawaida muuzaji kukuwashia laptopu na kuiandaa "iwe tayari", na ili avuke hatua ya akaunti anaingiza barua pepe ya duka au yake mwenyewe. Ufunguo wako unaweza kuwa umelala huko miaka yote bila yeye kujua. Usimwachie SSD. Mpe zile herufi nane, aingie kwenye ukurasa huo mbele yako na akutafutie.

Tarakimu ukizipata ni makundi nane ya tarakimu sita sita. Kila kundi hugawanyika kwa 11 bila salio, jambo linalosaidia sana ukiwa umezinakili kwa mkono au unasomewa kwa simu. Mfano 123453 ni sahihi kimuundo, kwa kuwa ni 11 mara 11223. Ukiandika 123435 kwa kuchanganya mbili za mwisho, inabaki salio 4, na unajua kosa liko kundi gani. Kisha:

manage-bde -unlock E: -RecoveryPassword (tarakimu 48 na vistari vyake)

Ikifunguka, usianze kuburuta folda kwa mausi. Utakutana na askari wa getini niliyemtaja, na nakala itakwama njiani. Tumia hii, kwenye dirisha lile lile la msimamizi, D ikiwa diski ya kupokelea:

robocopy E:\Users D:\Mwalimu /E /B /XJ /R:1 /W:1 /LOG:D:\orodha.txt

Herufi B inampita askari bila kubadilisha umiliki wa chochote. XJ inazuia kuzunguka ndani ya folda za kivuli zinazojirudia bila mwisho. R:1 ni muhimu kuliko unavyodhani: usipoiandika, robocopy hurudia kila faili mbovu mara 1,000,000, na husubiri sekunde 30 kila mara. Ukimaliza fungua orodha.txt usome zilizoshindikana. Picha zenye alama ya wingu hazikuwa kwenye SSD kabisa, zipo OneDrive ya akaunti ile ile. Zishushe kutoka huko.

SSD ikikubali ufunguo lakini Windows ikagoma kuifungua kwa sababu imeharibika mwanzo wake, kuna repair-bde. Inahitaji diski ya pili yenye ukubwa sawa au zaidi, na kila kilichomo kwenye hiyo ya pili hufutwa.

Je, kama "Numerical Password" haipo kwenye orodha, au ipo na haipatikani kokote duniani? Inabaki njia moja, ambayo ni kuifufua bodi ile ile, hata kama ni kwa nusu saa tu ya kunakili. Bodi iliyozimwa na umeme mara nyingi imeshoti kwenye njia ya chaji, kwenye kapasita au transista, wakati prosesa ni nzima. Mpelekee fundi anayetengeneza bodi kwa hadubini na hewa ya moto, na mwambie mambo matatu mapema: asiandike upya BIOS (programu ya kwenye bodi inayoiwasha kompyuta), asifute TPM, asibadilishe mpangilio wowote wa BIOS. Akifanya lolote kati ya hayo, bodi inaweza kuwaka na bado ikadai tarakimu. Na atakayekuambia ana programu ya kuvunja BitLocker ya SSD iliyo mkononi bila ufunguo, muage kwa heshima. Zile tarakimu 48 zinabeba biti 128, na hakuna kompyuta ya kuzikisia.

Faili za kijani za mzee

Hapa ufunguo uko kwenye diski ile ile. Ndani ya Documents and Settings, kwenye jina la mzee, Application Data, kisha Microsoft, kuna folda tatu: Crypto, Protect na SystemCertificates. Ya kwanza ina ufunguo wenyewe, ya tatu ina cheti chake, na ya pili ina kinachoufungua ufunguo, nacho hufunguliwa kwa nywila ya mzee. Ni mnyororo. Nywila ikifutwa kwa programu ya fundi, mzee "ataingia" Windows bila kuulizwa, desktopu itafunguka vizuri, na faili za kijani zitaendelea kukataa. Windows mpya ikiwekwa kwa kufomati, folda tatu zimekwenda, na hapo hata nywila sahihi haina cha kufungua. Kubadilisha mmiliki kwa amri ya takeown nako hakusaidii, kwa kuwa kunamwondoa askari na kuacha sanduku limefungwa.

Njia nzuri ni kuirudisha diski kwenye kompyuta ya mzee baada ya kuinakili, na kuiwasha kama alivyoiacha. Kabla ya umeme, fungua ubavu, pangusa vumbi kwa brashi laini, tazama kapasita kwenye bodi: vichwa vyake viwe bapa, vilivyovimba au kuvuja ni vibovu. Nyuma ya pawa saplai kama kuna swichi ya 115 na 230, iwe kwenye 230. Betri ya saa, CR2032, bila shaka imekufa, weka mpya. Si suala la tarehe pekee. Betri ikifa, BIOS husahau mipangilio, na kama diski ni ya SATA inaweza kurudi kwenye AHCI (hali mpya ya kuwasiliana na diski) wakati XP iliwekwa kwa hali ya zamani ya IDE. Utaona skrini ya bluu yenye 0x0000007B, na wengi hapo hutangaza Windows imekufa. Ingia BIOS, rudisha IDE au Compatible, weka tarehe sahihi, washa tena.

Ikifika kwenye jina la mzee, bofya. Kompyuta nyingi za nyumbani enzi za XP hazikuwa na nywila, na ikiwa ni hivyo kazi imekwisha hapo. Ikiuliza, bofya alama ya kuuliza iliyo pembeni, kwa kuwa huenda aliacha dokezo. Kaa na mama na ndugu mjaribu taratibu majina na miaka aliyoipenda.

Ikishindikana, nywila itafutwe kwa maana ya kutafuta, si kufuta. XP kwa kawaida huhifadhi nywila ya hadi herufi 14 kwa namna dhaifu iitwayo LM: hugeuza herufi zote kuwa kubwa na kuikata vipande viwili vya herufi saba, kila kimoja peke yake. Programu ya bure ya Ophcrack, pamoja na majedwali yake ya XP, husoma faili za SAM na SYSTEM zilizo WINDOWS\system32\config na mara nyingi hukutajia nywila ya herufi na tarakimu kwa dakika chache. Hili lifanye kwa kompyuta ya mzee wako tu, na wanafamilia wakijua. Kuingia kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ikiwa mirathi bado ina mvutano, msimamizi wa mirathi awepo.

Na kama fundi ameshaifuta nywila? Ukiijua ile ya zamani, ingia, iweke upya ile ile herufi kwa herufi, toka, ingia tena. Mnyororo huungana.

Ukishaingia kama mzee, fungua ramani moja uone. Kisha chomeka flashi iliyofomatiwa FAT32, nakili KIHAMBA yote. FAT32 haiijui EFS, kwa hiyo XP itakuonya kwamba usimbaji utapotea, nawe unakubali, maana ndicho unachokitaka. Ukitumia flashi ya NTFS faili zinaweza kutoka zikiwa za kijani bado. Kabla ya kuzima, bofya Start, Run, andika certmgr.msc, fungua Personal kisha Certificates, na kwa kila cheti chenye jina la mzee chagua Export pamoja na ufunguo wake wa siri. Itatoka faili ya .pfx, ipe nywila mpya, iandike kwenye karatasi. Kwa hiyo faili, kijani kingine chochote kitakachojitokeza baadaye kwenye ile nakala kinaweza kufunguka kwenye Windows ya leo bila kuhitaji mashine ya mzee.

Kompyuta yake ikikataa kabisa kuwaka, ile nakala ya diski yake uliyotengeneza (tuseme uliiita mzee.img) inaweza kugeuzwa na kuwashwa ndani ya VirtualBox (programu inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta) kwa amri ya VBoxManage convertfromraw, kidhibiti cha diski kikiwa cha IDE aina ya PIIX4. Hapo XP inaweza kusumbua na kudai kusajiliwa upya kwa kuwa imeona mashine ngeni. Jaribu Safe Mode. Zipo pia programu za kulipia zinazosoma nakala kama hiyo, zikipewa nywila, na kutoa faili za EFS bila kuwasha Windows.

Flashi yenye KIHAMBA ichomeke kwenye kompyuta nyingine kabisa, si ya mzee, na ufungue kila ramani hadi mwisho wa ukurasa, maana jina la faili kuonekana si kufunguka. Diski ya mzee iwekwe kwenye mfuko wake mkavu, na isifutwe hadi mkubwa wa ukoo na ndugu wengine wamezitazama hizo nakala na kuthibitisha hakuna inayokosekana.